Hotuba ya Mwenyekiti: Dawa Zilizomo Katika Makopo ya Wazee Wetu



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya kutimiza miaka 10 tangu tulipofungua sanduku letu kwa mara ya kwanza. Mambo ya hisa, mikopo, faini, mabati na mbuzi mmeyasikia kwenye taarifa ya Mhazini, nasi hatutayarudia. Tumeona muda wetu tuutumie kwa jambo moja tu, nalo ni dawa wanazomeza wazee wetu majumbani.

Mtu anaweza kuuliza, kikundi cha kuweka na kukopa kinahusiana nini na vidonge? Jibu liko kwenye daftari la mfuko wa jamii. Mfuko ule tuliuanzisha kwa ajili ya msiba, ugonjwa wa ghafla, na mtoto aliyekosa daftari la shule. Miaka ya mwanzo ukifungua daftari unasoma msiba, msiba, nyumba kuungua, mtoto kulazwa. Siku hizi ukifungua unasoma dawa za mama mkwe, dawa za baba, dawa za bibi, tena dawa za mama mkwe. Msiba unakuja mara moja ukaisha, lakini dawa za mzee zinarudi kila mwezi. Mfuko ukikauka, mwenzetu anakwenda kwenye mkopo, na mkopo wa vidonge haulipiki kama mkopo wa maharage, maana vidonge havivunwi. Tumeshuhudia kahawa ikiuzwa ingali maua kwa sababu ya dawa. Ndiyo maana tukasema, basi na tuangalie hizo dawa zenyewe ni zipi, na zinamsaidia mzee au vipi.

Na wazee hawa si mzigo kwetu, mtuelewe vizuri. Huku Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Waliobaki na watoto wale walikuwa ni bibi zetu hawa mnaowaona hapa. Walilima, walibeba, walisomesha wajukuu wakati miguu yao ilipaswa kupumzika. Sasa magoti yanadai.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaye mama mmoja mwanzilishi wa kikundi hiki. Jina lake hatulitaji, ingawa yupo hapa na ametupa ruhusa tueleze. Yeye ni mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za sanduku. Alikuwa na magoti. Akawa ananunua vidonge vya diklofenaki dukani, anameza asubuhi na jioni, maumivu yanatulia, anakwenda shamba. Ikapita miezi. Siku moja akapimwa presha, ikakutwa juu. Alipotibiwa hakuulizwa anameza dawa gani nyingine, naye hakusema, kwa sababu kwake ile ya magoti haikuwa dawa ya hospitali, ilikuwa ya dukani tu. Akapewa amlodipini. Baada ya wiki kadhaa miguu ikavimba. Akaenda mahali pengine, akapewa Lasix, dawa ya kukojoza, apunguze maji. Akawa anaimeza jioni. Usiku anaamka mara nne, mara tano, usingizi ukapotea kabisa. Akalalamika kwamba halali, akapata Valium. Usiku mmoja wa mvua za vuli alitoka kwenda chooni, kichwa kizito kwa ile Valium, akateleza mlangoni, mkono ukavunjika.

Mtazame jinsi dawa zilivyozaana. Diklofenaki na dawa za jamii yake kama vile ibuprofeni, indomethasini na piroksikamu hutuliza maumivu kweli, lakini kwa mzee huweza kupandisha presha, kuvimbisha miguu, kuchubua tumbo hadi kutoa damu, na kuumiza figo. Amlodipini ni dawa nzuri ya presha, lakini wapo ambao inawavimbisha vifundo vya miguu, na uvimbe wa namna hiyo hauhitaji Lasix, unahitaji dawa ibadilishwe au kipimo kipunguzwe. Kila hatua palikuwa na mtu aliyetaka kusaidia. Lakini hakuna aliyeziona dawa zote kwa pamoja.

Hospitalini alikofungwa mkono alikuwepo daktari kijana, akasema, mleteni kila anachokunywa bibi. Mjukuu akarudi nyumbani akaja na kopo la mafuta ya kupikia limejaa. Likamwagwa mezani. Zilikuwa aina tisa, na mbili kati ya hizo zilikuwa ni dawa ile ile yenye majina mawili tofauti. Daktari akaiondoa diklofenaki siku hiyo hiyo. Valium akaipunguza kidogo kidogo, kwa kuwa aliyeizoea haachi kwa mara moja. Dawa ya presha akaibadilisha, miguu ikanywea, na Lasix ikaondoka. Kwa magoti akampa parasetamoli, akamfundisha kukanda kwa maji ya moto na kutembea na fimbo. Mama yetu leo anameza aina tatu. Ufunguo bado anao, ila mkono haukurudi sawasawa, mjukuu ndiye anayezungusha.

Baada ya tukio lile tulimwomba afisa tabibu mmoja aje kutufundisha kwenye kikao. Alituambia kwamba mwili wa mzee si mwili wa kijana uliokunjamana. Figo huchuja polepole zaidi, maji mwilini hupungua, nayo mafuta huchukua sehemu kubwa zaidi. Dawa kama Valium hujificha kwenye mafuta hayo, ikakaa siku nyingi. Kidonge cha jana hakijatoka, cha leo kimeshaingia. Ndiyo maana kipimo kinachomfaa mtu wa miaka 30 kinaweza kumlaza chini mtu wa miaka 75.

Akatutajia na Piriton, ambayo kila nyumba inayo. Kwa mzee inaweza kumchanganya akili, kumkausha mdomo, na kwa wazee wanaume kuziba mkojo. Amitriptilini nayo hivyo hivyo. Hapo akina mama wengi tulitazamana. Kuna nyumba mzee alianza kuongea peke yake usiku na kusahau majina ya watoto, ndugu wakaanza kuulizana nani kamroga, kumbe mchawi alikuwa ndani ya kopo.

Jingine ni kikohozi. Kuna dawa za presha, kaptoprili na enalaprili, ambazo baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu kisichoisha. Mzee anapewa dawa ya kikohozi, halafu antibaiotiki, halafu antibaiotiki nyingine, anapelekwa kupima makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, hayana kitu. Nauli imekwisha, mbuzi ameuzwa. Lingeulizwa swali moja tu, kikohozi kilianza lini na dawa ya presha ilianza lini, mambo yangekwisha siku ile ile.

Na sukari. Mume wa mwanakikundi mwenzetu alikuwa akimeza glibenklamaidi miaka mingi. Alikwenda matanga kwa jirani, siku nzima hakula kitu cha maana, akanywa rubisi kidogo, jioni akameza kidonge chake kama alivyoagizwa. Alfajiri hakuamka. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili wamemshika, na hospitali ikakuta sukari imeshuka sana, haikupanda. Alitundikiwa maji ya sukari akarudi duniani. Dawa ile hushusha sukari kwa muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zimechoka hukaa zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeweka angalizo kwamba haiwafai watu waliozidi miaka 60, na kwamba katika jamii hiyo iko nyingine inayoitwa gliklazaidi iliyo salama zaidi. Lakini baba yule alikuwa amekwisha kupita miaka 60 zamani, na kila mwezi cheti kilirudiwa kama kilivyokuwa.

Kwa hiyo jambo hili si la vijijini kwetu peke yetu. Mwaka 1991 huko Marekani daktari Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee waliokuwa wakitunzwa kwenye nyumba za wazee. Orodha ile bado inaitwa kwa jina lake, na madaktari wa wazee wa Marekani waliipitia upya mwaka 2023. Mwaka 2008 wataalamu wa Ireland walitoa ya kwao yenye pande mbili, upande mmoja dawa za kuacha, upande wa pili dawa za kuanza. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2017 lilianzisha kampeni ya kutaka dawa zisiwadhuru watu, na Siku ya Usalama wa Mgonjwa ya tarehe 17 Septemba 2022 ilihusu jambo hilo hilo. Wenye mahospitali makubwa wanahangaika nalo, sembuse sisi.

Tumeupenda ule mpango wa pande mbili, kwa sababu hatutaki mtu aondoke hapa akiwa amesikia nusu. Wapo wazee wanaomeza dawa wasizozihitaji, na wapo wanaohitaji dawa na hawajawahi kuiona. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta karibu 7 katika kila 10 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Presha isiyotibiwa hupooza mtu. Kwa hiyo asije mtu akaenda nyumbani leo akamwaga kopo la mama mkwe kwenye migomba, akasema ndivyo tulivyoambiwa kwenye sherehe. Mwaka 2011 tuliwaona watu wakisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo walioacha vidonge vyao wakirudi. Dawa ya presha, ya sukari, ya kifafa, dawa za kufubaza virusi, na vile vidonge vya usingizi alivyozoea mtu, havikatwi na mkwe wala na Mwenyekiti. Mwenye kukata ni mtaalamu, akiwa ameziona zote.

Shida yetu ni hapo penye neno zote. Mzee wa huku dawa zake hazitoki mlango mmoja. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 serikali ilikwisha tamka kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na tunashukuru. Lakini mara nyingi anaambiwa dawa hii haipo, kanunue dukani. Dukani nako ile iliyoandikwa haipo, anapewa inayofanana. Mwezi huu yuko zahanati ya kijiji, mwezi ujao mtoto amempeleka Nyakahanga au Isingiro, mwezi wa tatu anavuka Murongo kwenda Kikagati upande wa Uganda kwa sababu jirani kasifia, na dawa inarudi na jina lingine kwenye boksi. Watoto walioko Mwanza na Dar es Salaam wanatuma kifurushi kwenye basi, mama hizi ni za miguu, na mama hawezi kuacha kumeza kitu alichotumiwa na mwanawe. Juu ya hayo wapo wanaokuja magulioni na vipaza sauti, chupa moja inatibu presha, sukari, figo na nguvu za kiume. Kilichomo ndani hakuna anayekisema. Halafu rubisi. Wazee wetu mtusamehe, lakini rubisi na Valium ni kama kumfunga mtu miguu halafu ukamwambia ateremke mlima.

Tena hatuwezi kuwalaumu waganga peke yao. Muuguzi mmoja ana foleni ya watu toka mlangoni hadi kwenye mwembe, mzee mmoja anapata dakika chache. Na wazee wenyewe wanapenda dawa. Mzee akirudi na ushauri bila vidonge anasema hakutibiwa. Sindano ndiyo kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi, ambalo huwa halisemwi hadharani. Katika nyumba nyingi anayemtunza mzee ni mkwe. Mkwe akiona dawa zimezidi akasema tupunguze, ndugu wa mume wanasema huyu anataka mzee afe abaki na shamba. Mzee akifa hata kwa uzee wake, maneno hayaishi. Kwa hiyo mkwe mwenye akili ananyamaza, anaendelea kukopa na kununua, ili siku ya msiba aweze kusema sikumnyima kitu. Mikopo mingi ya dawa katika daftari letu ni mikopo ya woga. Tulilitambua hilo baada ya vikao vitatu vya kubishana, na mwenzetu mmoja alilia mbele yetu ndipo tukaelewa.

Kwa sababu hiyo tuliamua kwamba mkwe asiende peke yake. Kila baada ya miezi mitatu mzee anapelekwa kituoni na kopo lake zima, na anasindikizwa na mkwe pamoja na mwanakikundi mmoja asiye wa ukoo huo. Ikiwezekana na mtoto mmoja wa kiume wa mzee awepo, asikie kwa masikio yake. Dawa ikiondolewa inaandikwa kwenye daftari la mzee, mtaalamu anatia sahihi, na sisi wawili tumeshuhudia. Tangu tuanze utaratibu huu maneno ya shamba yamepungua. Hatusemi yamekwisha.

Pale mezani tunauliza maswali yale yale, na tumeyakariri kama watoto wa darasa la kwanza. Hii ni ya ugonjwa gani? Anaimeza mpaka lini? Je, tatizo hili jipya halikuletwa na dawa iliyotangulia? Kabla ya kuongeza hii, ipo inayoweza kutoka? Hapo mwanzo tuliogopa, tulidhani tutafukuzwa. Kuna mahali tulijibiwa vibaya, kwamba mmekuja kumfundisha daktari. Sehemu nyingine mganga alifurahi, akasema hakujua kama mzee ana vidonge vya Uganda pia. Hata mambo madogo yamesaidia. Wazee watatu walihamishiwa Lasix toka jioni kwenda asubuhi, na usiku wanalala. Jambo hilo halikugharimu senti tano.

Upande wa fedha tulikubaliana kwamba mfuko wa jamii unalipa nauli ya bodaboda ya kwenda kuangaliwa dawa, na unasaidia dawa zenye cheti. Kwa chupa za gulioni na vidonge vya kununua kwa kusimuliwa hautoi. Uamuzi huo haukupita kirahisi. Mwenzetu mmoja alisema tumejifanya madaktari, mwingine akasema fedha ni zake na mama ni wake. Tuliwajibu kwamba fedha yake mkononi ni yake, lakini iliyo ndani ya sanduku ina kufuli tatu. Mmoja alihama kikundi. Tunamtakia heri, na mama yake tunaendelea kumsalimia.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatutakuomba mengi. Tunaomba siku moja kila robo mwaka afisa tabibu au mfamasia wa wilaya apangwe kukaa na wazee wa kata zetu, kazi yake iwe ni kuyaangalia makopo tu, asitibu kingine siku hiyo. Tunaomba wanaotoa dawa waandike kwenye pakiti jina la dawa, kazi yake na saa ya kuimeza, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, maana macho ya wazee si ya mwaka ule. Tunaomba dawa za sukari zinazofaa wazee zipatikane kwenye zahanati zetu, ili tabibu asiandike ile nyingine kwa sababu ndiyo iliyopo. Na mashine ya kupima presha, sisi wenyewe tunaanza kuichangia leo. Bakuli linapita upande wa kushoto, tafadhali lisirudi jepesi.

Kwa wanakikundi, Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao tunakutana zahanati saa 2 asubuhi. Wazee waje wamekwisha kunywa uji. Mje na daftari la mzee na kopo lote, pamoja na lile fungu lililofichwa chini ya godoro, na zile zilizotoka Dar es Salaam.

Chakula kiko tayari, wazee watangulie.